Mpambaji wa Kibiti na kurasa za jarida

Swali: Mpambaji wa maharusi aliyeko Kibiti afanyeje ili kazi yake itoke jaridani?

Jibu: Jarida huchapisha picha, kwa hiyo jambo la kwanza ni kumpata mpigapicha mzuri. Joto na unyevu wa delta ya Rufiji huharibu faundesheni mapema. Kwa hiyo picha hupigwa asubuhi, kivulini. Flashi ndiyo huwaponza wengi. Poda yenye zinki au titani, isiyo na kasoro kwa macho, hurudisha mwanga na bibi harusi akatoka na uso wa majivu. Picha moja ya majaribio hufichua hilo kabla ya shughuli.

Wahariri wa Dar es Salaam wana picha tele za kumbi za mjini. Hina, kanga za kisutu na mikoko ni adimu kwao. Watumiwe picha chache ambazo hazijatoka kwingine, pamoja na majina ya mpambaji, mpigapicha na mshonaji. Baruapepe ni bora, kwani WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, mtunzi wa picha ni aliyeipiga, hivyo ridhaa yake huhitajika. Bibi harusi naye aombwe ruhusa, kwa maandishi, kabla picha hazijatumwa.