SOMO: KASI YA KWENYE BOKSI NA KASI INAYOFIKA NYUMBANI

Tangu Oktoba 2024, korosho za wakulima huuzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Vijana waliomaliza kidato cha sita huomba mikopo ya elimu ya juu kwa mtandao, na ada nyingi za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba. Ndiyo maana kaya, shule na vyama vya msingi vya ushirika katika Masasi na Newala vinanunua ruta za intaneti.

Baadhi ya wanunuzi hukuta boksi limeandikwa "300 Mbps", kisha ukurasa mmoja ukachukua dakika nzima kufunguka. Huhitimisha kuwa ruta ni mbovu, wakanunua nyingine, na hali ikabaki ileile. Fedha za wanachama hupotea kwa kutibu ugonjwa usiojulikana.

Maana ya namba

"Mbps" ni megabiti kwa sekunde. Faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha Mbps 10 hupokea, kwa kasi ya juu kabisa, megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la megabaiti 75 litamchukua dakika moja. Hapo hajadhulumiwa.

Namba ya kwenye boksi ni kikomo cha kinadharia cha mawasiliano kati ya ruta na simu. Kasi ya intaneti inayoingia kwenye ruta ni jambo jingine. Mkazi wa uwanda wa Makonde anaweza kulifahamu kwa mfano wa maji yanayosukumwa kutoka Mitema: afungaye bomba pana nyumbani hapati maji kuliko yanayoletwa na bomba la mtaa, na majirani wote wakifungua kwa pamoja, kila ndoo huchelewa kujaa.

Kasi inapopotelea

Kwanza, katika hewa. Kasi halisi isiyo ya waya aghalabu huwa nusu ya iliyoandikwa au chini yake, nayo hugawanywa kwa vifaa vyote vilivyounganishwa.

Pili, katika tundu la waya. Ruta nyingi za bei nafuu zilizoandikwa 300 zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu. Ruta ya namna hiyo haiwezi kuleta intaneti ya 300 kupitia waya, hata chanzo kikiwa na kasi kubwa kiasi gani.

Tatu, katika kujumlisha. Ruta iliyoandikwa "AC1200" imejumlisha bendi mbili: 300 ya gigahezi 2.4 na 867 ya gigahezi 5, kisha jumla ikakuzwa. Simu hutumia bendi moja kwa wakati mmoja. Bendi ya 2.4 hufika mbali zaidi. Ya 5 ina kasi zaidi, lakini hudhoofishwa upesi na kuta.

Nne, katika mnara. Ruta nyingi za laini ya 4G huandikwa 150, ilhali uwezo wa mnara hugawanywa kwa watumiaji wote wa eneo hilo. Nyumba iliyojificha nyuma ya vilima vya mawe vya Masasi, au chini ya ukingo wa uwanda wa Newala, hupata mawimbi dhaifu.

Tano, nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ya nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti nchini. Siku kama hiyo, ruta mpya haisaidii.

Zoezi la kupima

Vifaa vingine vyote vizimwe, kisha kasi ipimwe mara tatu: kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, kwa simu iliyo hatua mbili kutoka kwenye ruta, na kwa simu hiyohiyo katika chumba cha mbali. Zoezi lirudiwe alfajiri na saa 2 usiku, kwa siku tatu, na matokeo yaandikwe.

Waya ukiwa na kasi nzuri na simu ya karibu ikawa dhaifu, ichunguzwe ruta. Ikiwa chumba cha mbali pekee ndicho dhaifu, ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati na tangi la maji. Ile ya laini ya simu iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnara. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku mbaya, msongamano ndio unaoshukiwa. Vipimo vyote vikiwa vibaya wakati wote, yachunguzwe mawimbi, kifurushi na kikomo cha matumizi ambacho kasi hupunguzwa kikifikiwa.

Haki ya mnunuzi

Risiti, boksi na daftari la vipimo vitunzwe. Malalamiko ya huduma hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na namba ya malalamiko idaiwe. Yasipotatuliwa, yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Swali la kujipima

Shule imelipia kifurushi cha Mbps 10, nayo ina ruta ya 300. Wanafunzi 20 wanapakua kwa pamoja. Kila mmoja atapata kiasi gani?

Jibu: nusu megabiti kwa sekunde, wakigawana sawa. Ruta ya 1200 haitaongeza kitu. Kinachopaswa kuongezwa ni kifurushi.