Mikono Iliyombeba Livingstone



Siku moja niliwafundisha vijana habari za Dr. Livingstone, nikasema kwamba alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, naye akazikwa London. Kijana mmoja akauliza, "Mchungaji, alifikaje huko?" Nikajibu, "Watumishi wake walimchukua." Akauliza tena, "Majina yao ni nani?" Nikanyamaza, maana sikuyajua. Hapo nikaona ya kuwa nimefundisha nusu ya habari.

Basi sikilizeni nusu ya pili. Chuma na Susi walikuwa viongozi wa msafara. Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa kisha akakombolewa na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, alisoma sala ya maziko moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti, akachonga jina la marehemu katika mti ule. Mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome, wakauchukua zaidi ya maili 1,000 hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Huko Unyanyembe Luteni Cameron aliwashauri wauzike papo hapo, wakakataa.

Katika kanisa la Westminster jiwe la kaburi lasema kwamba aliletwa na mikono aminifu. Neno hilo ni la heshima, lakini majina ya wenye mikono hayakuandikwa. Na Halima, mpishi wa msafara, ni wangapi wamjuao?

Twajifunza nini?

Kwanza, mchukuzi ni shahidi. Chuma na Susi walikwenda Uingereza, na Horace Waller akawauliza alipokuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kilichotoka mwaka 1874. Asiyeulizwa hufa na habari yake.

Pili, kumtaja mchukuzi hakumpunguzii msafiri heshima. Wala tusitie chumvi ili kumtukuza mchukuzi. Kila mmoja na awekwe mahali pake.

Tatu, habari kamili haifai kufungiwa kabatini mwa wenye elimu. Mwaka 2009 Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London kilifanya maonyesho ya picha na maandiko, watu wapate kuwaona viongozi wa njia, wakalimani na wachukuzi waliosahauliwa. Sisi nasi twaweza, hata pasipo jumba kubwa: mzee aalikwe shuleni asimulie, na majina yasomwe mbele ya watu wote. Maana mtoto asiyesikia jina la mtu wa kwao katika habari za kale hudhani kwamba watu wa kwao hawakutenda neno.

Maswali ya kuzungumza:

1. Shule ya kwanza ya mtaa wenu ilijengwa na nani? Nani aliyefyatua matofali, nani aliyeteka maji, nani aliyewapikia mafundi?

2. Ni wazee gani wakumbukao mambo hayo?

3. Nani kati yenu atakwenda kuwauliza, na siku gani?

Majibu yaandikeni katika daftari mwaka huu huu. Wazee wanatuacha.