SOMO LA UFUNDI: KUNOA PATASI ZA KUKEREZEA



Katika chama kimoja cha mafundi seremala, vinara vya mishumaa vilirudishwa na mnunuzi kwa sababu ya madoa meusi yaliyotokea baada ya kupakwa vanishi. Wanachama waliilaumu vanishi. Lakini kosa lilikuwa katika patasi. Patasi kali hukata nyuzi za mti. Patasi butu huzisukuma na kuzing'oa, na mahali palipong'oka hunywa vanishi kuliko penginepo, pakawa peusi. Msasa hulificha kosa hilo kwa muda tu, na msasa hununuliwa kwa fedha za chama.

Fundi asingoje mpaka ailazimishe patasi kwa nguvu za mabega. Ashike makali kuelekea mwanga wa dirisha: makali yaliyo mazima hayaonekani, bali yaliyokufa hung'aa kama uzi mweupe. Anayekereza mpingo atauona uzi huo mapema, kwa kuwa mti huo ni mgumu na mzito hata huzama majini.

Kabla ya kunoa, sharti fundi ajue patasi yake ni ya chuma gani. Aiguse kidogo kwenye jiwe la mashine na kutazama cheche. Feleji ya kawaida hurusha cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. Ile iliyotengenezwa kwa kazi za kasi hutoa cheche chache, nyekundu zilizofifia. Tofauti hii ni kubwa. Feleji ya kawaida ikipata moto wa digrii 300 hivi hugeuka rangi ya buluu, na hapo ugumu wake umepotea. Hata ikinolewa vizuri namna gani, makali hayatadumu. Dawa ni kuichovya majini mara kwa mara kabla haijabadilika rangi, na ikiwa imekwisha kuwa buluu, sehemu hiyo yote isagwe polepole mpaka iishe. Ile ya pili hustahimili joto hilo.

Hapa yafaa tuwaonye wale wanaogeuza tupa kuukuu kuwa patasi. Tupa ni ngumu mno na huvunjika kama kigae. Isipopashwa moto upya na mhunzi anayejua kuupunguza ugumu huo, yaweza kukatika mti ukiwa katika mzunguko, kipande kikamrukia fundi usoni.

Katika kunoa kwenyewe, kazi kubwa ni kuutunza mwinamo, yaani ule uso ulioinama nyuma ya makali. Patasi bapa ya kulainishia yataka mwinamo mwembamba, digrii 25 hadi 30 kwa jumla ya pande zote mbili. Bobari ya kuparua gogo, karibu 45. Na patasi ya kukwangulia, 70 hadi 80. Ili usiupoteze, paka mwinamo wino au masizi, kisha zungusha jiwe kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Wino ukifutika karibu na makali tu, umeinua mpini kupita kiasi. Ukifutika kisiginoni tu, umeushusha mno. Ukifutika wote, washa mashine na uguse kwa wepesi. Bobari izungushwe bila kusimama, la sivyo jiwe litaila mahali pamoja.

Baada ya jiwe la mashine hubaki unywele wa chuma unaosikika kidoleni. Kwa bobari na patasi bapa, uondoe kwa kinoo cha mkono chenye mafuta. Kwa patasi ya kukwangulia uache, maana huo ndio unaokata. Kinoo hicho kikitumika mara kadhaa kwa siku, safari za kwenye mashine hupungua, na patasi huishi miaka mingi zaidi.

Kwa makatibu: jiwe la chama lisiachwe wazi kwa kila mkono. Jiwe lililojaa unga wa chuma huteleza na kuchoma patasi, nalo lapasa kuchongwa upya. Lililopasuka litolewe siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akabidhiwe ufunguo wa swichi, na miwani ya kukinga macho ifungwe kwa mnyororo pale pale kwenye mashine, kwa sababu ikiwekwa ofisini hakuna atakayeifuata.