Riale ya Maria Theresa: Anza na Ubavu

Haya wadogo zangu, leo tuzungumze pesa, ila si za mshahara. Nataka tuzungumze riale za Maria Theresa, zile sarafu pana za fedha zilizokuwa pesa ya biashara Unguja na pwani yetu katika karne ya 19. Wako bibi zetu waliozitia vipete wakazivaa shingoni, na Oman ni vivyo hivyo. Siku hizi zinauzwa kwenye maduka ya watalii na kwenye simu, na katikati ya zilizo halali zimejipenyeza za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu.

Muuzaji ataanza kukuonyesha mwaka: 1780. “Dada, hii ina zaidi ya miaka mia mbili!” Mwache aseme. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huo, lakini kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi waliizoea sura ileile, riale ziliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile: Vienna, na baadaye Rome, London, hata Bombay. Kwa hiyo mwaka haukwambii lolote. Iliyopigwa Vienna miaka ya karibuni bado ni riale ya fedha. Ya kusubu siyo.

Sarafu halali hupigwa kwa nguvu kubwa kati ya chapa mbili za chuma, fedha ikaingia kila pembe ya herufi. Ya bandia humiminwa ikiwa uji wa moto, na ikipoa hunywea kidogo na kubaki na vitundu vya hewa. Chukua kioo cha kukuza, tazama manyoya ya tai na nywele za Maria Theresa zilizochorwa kwenye sarafu. Na hapa msinichanganyie mambo: uchakavu hula palipoinuka tu, kama shavu na bega, lakini mabonde kati ya herufi hubaki makali. Ya kusubu imelegea kote, hadi mabondeni, kama sabuni iliyokwisha kutumika.

Kisha igeuzeni ubavu, na kwa kweli mimi ningeanzia huko. Riale halali ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yamezunguka pamoja na nakshi. Msubuji huhangaika sana hapo. Utakuta ubavu mtupu, au herufi zilizofifia, au mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa alipojaribu kuuficha.

Sumaku? Ikinasa, kimbia. Isiponasa, usishangilie, maana bati na risasi nazo hazinasi.

Mizani ya sonara ndiyo haina aibu. Riale ina gramu 28.07, pungufu kidogo ikiwa imechakaa, zaidi ikiwa imeunganishwa kipete. Kama haina kipete, weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Fedha yake itapandisha mizani karibu gramu 2.8. Bati la uzito huohuo litapandisha karibu 3.8. Gramu moja nzima, wadogo zangu, na wala hujaikwaruza sarafu ya mtu.

Maana wengine nawajua: mnakimbilia kusugua kwa dawa ya meno au kuchana kwa kisu. Acheni. Sarafu halali iliyosuguliwa hushuka thamani mbele ya wanaokusanya.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, mwombe muuzaji mwende wote kwa sonara. Akikataa isipimwe, mrudishie mali yake, mshukuru, uondoke.