Chukua Joto, Acha Mwanga: Vipuri vya Printa Mbovu na Utengenezaji wa Bodi za Saketi

Kijitabu kwa mafundi wa redio na simu, wanafunzi wa vyuo vya kiufundi na wenye saiba wa Kerugoya na miji ya Mlima Kenya

Mwezi Juni printa za saiba hazipumziki. Watu wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi kwa KRA, na karatasi zinatoka tangu asubuhi hadi milango ifungwe. Kuna printa ambazo hazivuki mwezi huo. Gia ya plastiki inalika meno, rola inaanza kukwama, na gharama ya kuitengeneza inakaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika. Printa inasukumwa chini ya meza, kisha stoo, na mwishowe inachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu anayeilipia kwa kilo.

Humo ndani mna kipuri ambacho fundi wa elektroniki angekilipia zaidi kuliko kilo zote hizo: fyuza, sehemu inayochoma wino wa unga ushikamane na karatasi. Kwa kipuri hicho, fundi wa Kerugoya anaweza kutengeneza bodi ya saketi asubuhi na kuifunga kwenye mashine jioni. Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu kazi yenyewe inawezekana kabisa, na kwa sababu inaweza kumuua mtu akiifanya kwa pupa.

Nani anahitaji bodi?

Chukua mfano wa mashine ya kuangulia mayai ya kuku. Joto lake linatakiwa libaki karibu nyuzi 37.5, usiku na mchana, stima ikipotea na kurudi. Mafundi wengi huunda kidhibiti chake kwa kuunganisha vipuri kwa waya, na waya hizo hulegea kwa unyevu na mtikisiko. Bodi iliyochorwa njia za shaba haina shida hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa chaja ya sola, kipima maji ya tangi na swichi ya pampu. Kampuni za China hutengeneza bodi nzuri kwa bei ndogo, lakini nauli na siku za kungoja ndizo zinazomkwamisha mtu anayetaka bodi moja ya kujaribia wazo lake. Akikosea mchoro, anaagiza upya na kungoja upya.

Mji jirani wa Nyeri umeshapiga hatua kubwa zaidi. Ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, inayoshughulika na chipu zenyewe. Kijana anayetaka kufika huko hana budi kuanza na bodi yake mwenyewe, aione ikiungua, aitengeneze tena.

Siri iko kwenye tona

Mnamo 1936 Paul Eisler, mhandisi kutoka Austria aliyekuwa akiishi London, alijaribu kuunda redio ambayo njia zake za umeme zimechapwa badala ya kufungwa kwa waya. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Oktoba 1938, Chester Carlson alifanikiwa kunakili maandishi kwa unga na umeme tuli huko New York. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox ndiye aliyeongeza leza kwenye ufundi huo wa Carlson, na printa ya leza ikazaliwa. Fundi anayetengeneza bodi kwa tona anaunganisha kazi za watu hao watatu.

Tona si wino wa majimaji. Ni unga wa plastiki uliotiwa rangi. Ukipata joto unayeyuka na kunata, ukipoa unagandamana. Dawa inayokula shaba haiwezi kula plastiki. Basi ukihamisha mchoro wa tona kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bamba la shaba, kila palipofunikwa patabaki na palipo wazi pataliwa. Printa ya wino wa maji haiwezi kazi hii hata kidogo.

Wengi hutumia pasi ya nguo kuhamisha tona. Inafanya kazi, ila mkono hauwezi kukandamiza sawasawa, na pembe moja ya bodi hutoka imepauka. Fyuza inakandamiza upana mzima kwa joto moja. Kazi yake ya kila siku ndiyo hiyo hiyo tunayoitaka.

Kuifungua

Chomoa printa kwenye ukuta na uiache saa kadhaa kabla ya kugusa bisibisi. Stima yetu ni volti 240, lakini ndani ya sehemu ya kupokea umeme kapasita kubwa huhifadhi karibu volti 340, na huweza kukaa nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Ipime kwa mita. Kama bado ina chaji, ipunguze kwa kugusisha miguu yake na nyaya za balbu ya zamani ya volti 240, ile yenye waya ndani, kisha upime tena. Usiiguse kwa bisibisi ili itoe cheche. Cheche hiyo imeharibu macho na vidole vya watu.

Tona iliyomwagika ni laini mno na inapeperuka. Vaa barakoa. Usiipulize kwa mdomo; ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kwa sababu maji moto huigandisha.

Fyuza hukaa nyuma, karibu na karatasi inapotokea. Utaona rola mbili zilizobanwa pamoja kwa springi. Ya chini ni ya mpira laini unaobonyea ukiubana kwa kidole gumba. Ya juu, kwenye printa za zamani, ni bomba la chuma lililopakwa rangi nyororo isiyonata, na ndani yake kuna taa ndefu ya kioo inayotoa joto. Ukikuta utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu badala ya bomba, hiyo ni fyuza ya aina mpya; bodi yenye kingo kali huuchana mara ya kwanza. Itafute ya bomba.

Kando ya bomba pana vitu viwili vidogo ambavyo hatutaki uvitupe. Kimoja ni kipimajoto kinachogusa rola. Kingine ni kikata-joto, kinachokata umeme joto la rola likipita kiasi. Kikata-joto kibaki mahali pake, kwenye njia ya umeme wa taa. Fundi akikiruka ili kurahisisha kazi, ametengeneza jiko lisilozimika.

Kuipa uhai mpya

Taa ya fyuza hula mamia ya wati, na inaunganishwa moja kwa moja na stima. Kwa hiyo soma lebo kwanza: printa iliyotoka Marekani huenda ina taa ya volti 110, na hiyo itapasuka ukiipa 240. Fremu ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi. Tumia plagi yenye fyuzi, na swichi inayokata umeme unaovuja. Mwache fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA akague kazi kabla hujaiwasha mara ya kwanza.

Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 180 na 200. Hapa watu hukosea mara nyingi: vile vidhibiti vidogo vinavyouzwa kwa mashine za kuangulia mayai havifai, kwa kuwa vingi vyake huishia nyuzi 110. Nunua kidhibiti kinachotumia kipimajoto cha waya wa metali mbili, kinachofika nyuzi 400.

Bodi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6, na fyuza iliumbwa kwa karatasi. Legeza springi kidogo, au anza na bodi ya milimita 0.8, ambayo hupita bila taabu. Kingo zisugue kwa msasa ziwe butu. Kwa kuzungusha rola, mpini wa mkono uliofungwa kwenye gia unatosha. Mota ya hatua kutoka printa hiyo hiyo ni nzuri zaidi ukiwa na namna ya kuiendesha polepole. Rola isisimame hata kidogo taa ikiwa inawaka, maana itaungua upande mmoja.

Leza iache

Juu ya printa kuna kisanduku cheusi chenye kioo kidogo cha pembe nyingi kinachozunguka kwa kasi kubwa. Mwanga wa leza yake, kwenye printa nyingi, hauonekani kwa macho, na jicho halipati onyo la kufumba kabla halijaharibika. Wapo wanaoibadilisha leza hiyo ili kuchora bodi kwa mwanga, nasi tunaheshimu ustadi wao. Kwa karakana ya Kerugoya isiyo na miwani maalum, uamuzi wetu ni mmoja: kisanduku kisifunguliwe.

Kutoka karatasi hadi shaba

Chapa mchoro ukiwa umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa tona nyeusi kabisa, juu ya karatasi laini ya kung'aa. Kurasa za matangazo ya supamaketi zinafaa. Shaba isugue kwa stilwuli hadi iwe na rangi ya waridi, kisha uisafishe kwa spiriti na usiiguse tena kwa vidole. Pitisha bodi na karatasi kwenye fyuza mara kumi hivi, ukiigeuza upande kila mara. Loweka kwenye maji hadi karatasi ilainike, uifikiche taratibu kwa kidole gumba. Itazame kwa lenzi. Palipokatika paunganishwe kwa kalamu ya wino usiofutika. Njia za upana wa nusu milimita hutoka vizuri. Nyembamba zaidi zinahitaji mazoezi.

Kisha iweke kwenye feriki kloraidi iliyopashwa moto kidogo, ndani ya chombo cha plastiki, mahali penye hewa. Vaa glavu na miwani. Usitumie sufuria: dawa hii hutoboa alumini, na doa lake kwenye nguo halitoki. Shaba ya kawaida, yenye unene wa milimita 0.035, huisha kwa dakika 10 hadi 20 hivi.

Maji hayo usiyamwage

Dawa iliyotumika imebeba shaba, na shaba ni sumu kwa samaki. Mito inayoshuka kutoka mlimani, Thiba na Nyamindi ikiwemo, ndiyo inayomwagilia mpunga wa Mwea. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa Kerugoya hakikai Kerugoya.

Dawa moja hutumika kwa bodi nyingi, hivyo ihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye maandishi makubwa, mbali na watoto na mbali na chupa za soda. Ikichoka, weka magadi kidogo kidogo, yale yale ya kulainishia githeri. Itatoa povu, kwa hiyo tumia ndoo kubwa na usiharakishe. Povu likikoma, matope yenye shaba hutuama chini. Yachuje, yakaushe, uyafunge kwenye chombo cha plastiki na umkabidhi mchukuzi wa taka mwenye leseni ya NEMA.

Mabaki ya printa yenyewe, pamoja na ngoma na katriji, yasichomwe nyuma ya duka, kwa maana moshi wa plastiki hiyo una sumu. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za elektroniki, na mizigo ya saiba kadhaa ikikusanywa pamoja nauli inakuwa nyepesi.

Mwenye saiba wa Kerugoya, Kutus au Kagio, ukiwa na printa iliyokufa stoo, usikimbilie kumwita mtu wa mizani. Muulize kwanza fundi wa redio wa mtaa wako au mwalimu wa chuo cha kiufundi kilicho karibu kama anahitaji fyuza.