KOMPYUTA NDANI YA KOMPYUTA

Wanachama wenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu mwaka wa 2008 hivi, kompyuta nyingi zenye vifaa vya Intel zina kikompyuta cha usimamizi ndani yake. Hicho hukaa macho hata mashine ikizimwa, mradi iwe imechomekwa kwenye stima. Programu ya kuzuia virusi haikioni.

Katika mashine za ofisi, humwezesha fundi kuiongoza mashine akiwa mbali. Lakini Mei 2017 Intel ilitangaza kasoro: mgeni angeweza kupitia mlango huo bila neno la siri!

Mitumba nyingi zilitoka maofisini, na kufuta diski hakuufungi mlango huo. Basi, mwana Oltepesi, kabla hujalipa mwambie muuzaji aufunge na kuweka marekebisho. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako; nawe ilinde.