SOMO LA ROBO HII: FOMU INAYOMWONGOZA MTUMISHI
Jinsi ya kuandaa shughuli za kiutumishi katika mfumo wa kompyuta



Miaka kadhaa iliyopita muuguzi mmoja alihamishwa kutoka zahanati ya kijijini kwenda kituo kingine cha afya. Barua ilisainiwa, nakala ikaingia masijala, naye akafungasha mizigo. Nakala ya mhasibu haikufika. Kwa miezi mitatu mshahara wake uliendelea kutoka katika kasma ya mradi alikotoka, na posho yake ya uhamisho haikulipwa, hata akakodi gari kwa mkopo. Mkaguzi alipokuja, ilitubidi kurudisha fedha za mradi kutoka mfuko mwingine.

Hakuna aliyeiba. Kila mmoja aliamini kuwa mwenzake ameshughulikia. Hata hivyo muuguzi alibeba deni, mfadhili akapata mashaka, nasi tukakosa jibu la kueleweka. Tatizo la namna hii likikua huzaa watumishi hewa. Tunakumbuka kwamba mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya mishahara. Wengi wa aina hiyo huanza kwa mtu kuondoka, kufariki au kustaafu bila taarifa kufika kwa anayelipa.

Somo hili linahusu njia mojawapo ya kuzuia hali hiyo.

1. Shughuli inayoongozwa ni nini?

Siku hizi taasisi nyingi hutunza kumbukumbu za watumishi katika programu zinazotumika kupitia intaneti. Kumbukumbu hukaa kwenye seva ya mtoa huduma, nasi huzifungua kwa jina na nywila. Baadhi ya programu kubwa ni za Oracle, Workday na SAP SuccessFactors. Zipo pia programu huria kama OrangeHRM na Frappe HR.

Ajira mpya, uhamisho, kupanda cheo, likizo au kuacha kazi ni shughuli ya kiutumishi. Programu inaweza kupangwa ili imwongoze anayeijaza: swali moja, kisha linalofuata, kisha kiambatisho, kisha idhini, hadi taarifa kumfikia mhasibu. Msimamizi wa mfumo huamua sehemu ipi ionekane, ipi ifichwe, ipi iwe ya lazima, na kwa kundi gani la watumiaji. Kupanga huku ndiko kazi yenyewe. Programu iliyonunuliwa bila kupangwa ni kabati tupu.

2. Anzeni na karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta, kaeni na watu wanaofanya shughuli hiyo na mwandike majibu ya maswali matano:
a) Nani anaanzisha?
b) Ni taarifa zipi ambazo bila hizo kazi haiwezi kuendelea?
c) Nani anahakiki?
d) Nani anaidhinisha?
e) Nani lazima apewe taarifa, hata kama haidhinishi?

Katika uhamisho wa muuguzi wetu, swali la tano halikuwa limeulizwa kamwe. Mhasibu hakuwa mwidhinishaji, hivyo hakuna aliyemkumbuka. Mfumo uliopangwa vizuri haufungi shughuli ya uhamisho mpaka kasma mpya ya mshahara ijazwe, na mhasibu hupata taarifa siku hiyo hiyo.

Msiweke maswali mengi kupita kiasi. Fomu yenye sehemu arobaini hujazwa ovyo. Ulizeni yale tu yatakayotumika.

3. Sheria iingie ndani ya fomu

Hapa ndipo taasisi nyingi hukosea, kwa kuwa programu hizi hutengenezwa kwa ajili ya nchi nyingi. Chukueni mfano wa likizo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara.

Likizo ya mwaka ni angalau siku 28 mfululizo, pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Programu nyingi zisipobadilishwa huhesabu siku za kazi tu. Mkiandika 28 bila kurekebisha hesabu, mtumishi wa Jumatatu hadi Ijumaa atapata zaidi ya wiki tano, na zahanati itabaki bila mtu.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo fomu iulize idadi ya watoto, kisha ijaze siku yenyewe. Mama wa mapacha asilazimike kuja ofisini kudai siku 16 zilizosahauliwa. Sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2025, suala la watoto njiti nalo liliingizwa, na kila mwenye mfumo alipaswa kurudi kuupanga upya.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Fomu idai cheti cha daktari, na mfumo umjulishe mhasibu kabla siku ya 64 haijafika. Mgonjwa asishtukizwe na nusu mshahara mwisho wa mwezi.

Katika kuacha kazi, fomu iwe na orodha ya kufunga: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, kiinua mgongo kama anastahili, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa pale sheria inapotaka, na cheti cha utumishi. Vilevile akaunti yake katika mfumo ifungwe, na funguo na vifaa virudishwe.

4. Ngazi za idhini

Kila ngazi mnayoongeza huongeza siku za kusubiri. Likizo ya kawaida inatosha kupita kwa mkuu wa kituo. Ajira mpya inayolipwa na mradi ipite kwa mkuu wa kituo, mratibu wa mradi na mtunza hazina, kisha Katibu Mkuu.

Zingatieni mambo matatu. Kwanza, mtu asijiidhinishie. Mwombaji akiwa ndiye mkuu wa kituo, ombi lipande ngazi ya juu yake. Pili, idhini ifuate cheo badala ya jina la mtu, ili mkuu akihama maombi yasiendelee kumfuata. Tatu, pawe na kaimu na muda maalumu. Ombi likikaa siku tatu, mfumo ukumbushe; likikaa siku saba, lipande. Dokezo lililolala mezani kwa aliye safarini ndilo chanzo cha malalamiko mengi.

5. Tarehe mbili

Tarehe ya kuandika kumbukumbu si tarehe ya kuanza kutumika. Uhamisho unaweza kuandikwa tarehe 20 Machi nao ukaanza tarehe 1 Aprili. Mfumo mzuri hutunza zote mbili, pamoja na jina la aliyeandika. Pale mtu anapoandika leo jambo la miezi miwili iliyopita, fomu imtake aeleze sababu, na mhasibu akokotoe tofauti. Wafadhili wanaposoma taarifa za mishahara, tofauti ya tarehe hizi ndiyo sehemu ya kwanza ya kuangalia.

6. Jaribuni kabla ya kufungua

Fanyeni majaribio katika mfumo wa mazoezi, kamwe si kwenye kumbukumbu halisi. Mwiteni mhudumu wa zahanati asiyezoea kompyuta, mpeni fomu, nanyi nyamazeni. Anapokwama ndipo swali lenu lilipo baya. Jaribuni pia mambo magumu: mapacha, mkuu anayejiombea likizo, mtumishi anayelipwa na miradi miwili. Kwa vituo ambavyo intaneti hukatika, amueni mapema karatasi ipi itatumika na nani ataiingiza baadaye.

7. Siri na gharama

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi pia. Cheti cha hospitali kionwe na wanaohusika tu. Mjumbe wa kamati ana haki ya kujua idadi ya walio likizoni. Hana haki ya kujua ugonjwa wao.

Kuhusu gharama, tuseme ukweli kwa wafadhili. Programu za kulipia hudaiwa ada kila mwaka, mara nyingi kwa idadi ya watumishi, na ada hiyo haikomi mradi unapokwisha. Programu huria haina ada ya leseni, lakini seva, fundi na mafunzo hulipiwa. Ombi la fedha lisiloonyesha nani atalipa mwaka wa nne halijakamilika. Taasisi yenye watumishi 30 huenda ikafaidika zaidi na fomu nzuri za karatasi na daftari moja linalofuatwa kwa uaminifu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mtumishi wetu wa mwisho kuhama au kuacha kazi, mhasibu alipata taarifa baada ya siku ngapi?
2. Ni idhini zipi kwetu zinategemea mtu mmoja asiye na kaimu?
3. Je, kila jina katika orodha ya mishahara ya mwezi uliopita lina mtu tuliyemwona kazini?
4. Je, kuna mtumishi anayetudai likizo, posho au nauli bila sisi kujua?

Tunashauri mwanze na swali la nne. Waiteni watumishi wenyewe na muwasikilize. Muuguzi wetu alilipwa posho yake hatimaye, lakini alikuwa ameidai kwa mdomo mara mbili bila kuwepo mahali pa kuandika dai lake. Fomu yetu ya kwanza tuliyoipanga ilikuwa ya uhamisho.